Usiweke Kengele kwenye Simu, Badilisha Mmea

Leo naweka kando lugha za programu na mambo ya seva. Nataka kuzungumza na wewe unayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla foleni ya magari haijaanza, ukarudi saa tatu usiku, na ukifika kibarazani unapita kati ya vyungu sita vya maua yaliyonyauka bila hata kuyatazama. Najua upo. Wenzangu wengi wa kazi hii ya kuandika programu wako hivyo, na wahasibu, wauguzi na wenye vibanda vya M-Pesa hawako mbali nao.

Msimamo wangu nautaja mapema: tatizo si usahaulifu wako. Ulinunua mmea usiovumilia kusahauliwa, basi. Dawa yake si kikumbusho kwenye simu, wala si mtambo wa kumwagilia unaoendeshwa na tarakilishi ndogo. Dawa ni kununua mmea mwingine.

Programu mbovu humlaumu mtumiaji

Katika kazi yetu kuna jambo moja ambalo kila mwanaprogramu hujifunza, wengine kwa machozi. Ukiunda programu inayopoteza kazi yote ya mtu kwa sababu alisahau kubonyeza mahali pa kuhifadhi, huwezi kusema mtumiaji ni mjinga. Binadamu husahau. Hilo linajulikana kabla hujaandika mstari wa kwanza. Programu nzuri hujihifadhi yenyewe, na mtu akiondoka ghafla anakuta kazi yake salama.

Sasa tazama kibaraza chako kwa jicho hilohilo. Umeweka kangaga, mmea ambao asili yake ni kivulini kando ya mito, mahali penye unyevu mchana na usiku. Umeuweka roshani ya ghorofa ya nne, jua la alasiri linaupiga usoni na upepo unaukausha kutoka pande zote. Mmea huo unakudai maji kila siku. Ukikosa siku tatu, umekufa. Halafu unajiambia huna mkono wa maua.

Mkono wako hauna shida. Umeingia mkataba ambao usingeweza kuutimiza. Kinachoniudhi ni kwamba watu wengi wakishaua mimea mitatu hukata tamaa kabisa, na kibaraza kinageuka stoo ya mitungi mitupu na viatu vilivyochakaa. Wengine humtupia lawama dada wa kazi, ambaye tayari anaosha, anapika na kumfuata mtoto shuleni. Kama mmea unahitaji mtu wa kugombezwa ndipo uishi, mmea huo haufai nyumba hiyo.

Kengele ya simu haitakuokoa

Kila ninapozungumzia jambo hili, mtu huniambia aweke kikumbusho kwenye simu. Fikiria kinavyofanya kazi. Kengele inalia saa moja asubuhi ukiwa ndani ya matatu. Huna maji, huna mmea, una kidole tu cha kuinyamazisha. Wiki ya pili unainyamazisha bila kusoma. Wiki ya tatu hata huisikii. Sisi tunaotunza seva tunaijua hali hii: tahadhari zikizidi, mtu huacha kuzisoma, na siku moto ukiwaka kweli hakuna anayetazama.

Mwingine, hasa kijana aliyemaliza chuo juzi, atasema tujenge mtambo. Arduino ilitoka Italia mwaka 2005, na tangu chipu ya ESP8266 ilipoingia sokoni mwaka 2014, kuunganisha kitu chochote na intaneti kumekuwa rahisi sana. Basi tia kihisi kwenye udongo, pampu ndogo, ndoo ya maji, na udongo ukikauka maji yajimwage.

Kama unataka kujifunza, jenga. Ni mradi mzuri wa likizo. Lakini kama unataka mimea iishi, hesabu vitu vinavyoweza kuharibika. Vile vihisi vya bei ya chini vyenye meno mawili ya chuma hupitisha umeme ndani ya udongo wenye maji, na chuma huliwa polepole. Baada ya muda kihisi kinasoma uongo, na mtambo wako unauamini. Stima ikipotea, pampu imelala. Pampu ikikwama ikiwa imewaka, jirani wa chini atakuletea habari usiku. Na juu ya yote, ndoo ile lazima mtu akumbuke kuijaza. Kwa hiyo hukuondoa usahaulifu. Umeuhamisha tu kutoka kwenye chungu hadi kwenye ndoo, ukaongeza nyaya.

Kwa shamba la nyanya, umwagiliaji wa matone una maana, kwa sababu mavuno yatalipa mabomba na fundi. Kwa vyungu sita vya kibarazani, ni gharama bila faida.

Mimea inayofanya kazi usiku

Sasa tuje kwenye mimea iliyoundwa vizuri. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoroka. Jua likiwa kali, hasara ni kubwa. Mimea kadhaa ya nchi kavu ilipata njia nyingine. Mchana inafunga vitundu. Usiku, kukiwa na baridi, inavifungua, inavuta kaboni na kuihifadhi kama asidi ndani ya majani. Asubuhi inafunga tena na kutumia akiba ile kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wanabayolojia huita njia hii CAM.

Sisi tungesema kazi nzito zimepangwa kufanyika usiku wakati seva haina watu. Mmea wa namna hiyo hauhitaji umpende kila siku. Unahitaji usimsumbue. Waswahili walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki wa kibarazani ni yule anayekusubiri mwezi mzima bila kununa.

Hii hapa orodha yangu. Ni fupi makusudi.

1. Sansevieria. Ni ile yenye majani marefu magumu yaliyosimama wima kama panga, mara nyingi yakiwa na mistari au ukingo wa manjano. Wanasayansi waliihamishia ukoo wa Dracaena mwaka 2017, lakini vitaluni bado inaitwa kwa jina la zamani. Aina inayouzwa sana asili yake ni Afrika Magharibi, ila jamaa zake wamejaa nyika zetu. Hata jina la bonde maarufu la Olduvai kule kaskazini mwa Tanzania linatokana na neno la Kimaasai oldupai, yaani mkonge wa porini wa jamii hii hii. Unavumilia kivuli, unavumilia jua, na mwezi mmoja bila maji haupati habari.

2. Zamioculcas, ambayo wauzaji huiita ZZ kwa kufupisha. Majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji. Hapa nacheka kidogo: mmea huu ni wa Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, lakini ulisambaa ofisi za dunia nzima baada ya wakulima wa maua wa Uholanzi kuanza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990. Leo kuna Mkenya anayeuona kuwa mmea wa kizungu. Ni wetu. Unapenda kivuli chenye mwanga, kwa hiyo unafaa kibaraza chenye paa.

3. Mshubiri. Wengi wanaujua kama alovera, ile ya asili ya rasi ya Uarabuni, lakini Kenya ina mishubiri yake mingi yenye maua mekundu au ya rangi ya chungwa ambayo ndege chozi huyafuata. Unataka jua. Nunua kitaluni, usiung'oe porini. Ukiacha alovera, mishubiri yote imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini.

4. Adenium, waridi la jangwani. Shina lake limevimba chini kama chupa, na maua yake ni ya waridi. Anayesafiri nyika kavu za Kenya hukutana nalo likiwa limechanua bila jani hata moja. Shina lile ndilo tanki lake. Unataka jua kali, na likipukutisha majani usiliharakishe kwa maji. Limepumzika.

5. Euphorbia ya miiba, iliyotoka Madagaska, yenye maua madogo mekundu, meupe au manjano karibu mwaka mzima. Ukiisahau sana itaangusha majani, na ukiinywesha yatarudi.

Je, bougainvillea? Ikiwa kibaraza chako kiko chini na kuna udongo wa ardhini, ndiyo. Ipande mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi, na baadaye itachanua zaidi wakati udongo umekauka. Lakini ndani ya chungu kidogo kwenye jua, itakudai maji mara kwa mara. Ardhi ni tanki kubwa, chungu ni kikombe.

Tahadhari kwa wenye watoto

Mimea inayojilinda na ukame mara nyingi hujilinda na midomo pia. Utomvu wa adenium ni sumu ya moyo, na jamii kadhaa za Afrika zimeutumia kupaka mishale. Maziwa ya euphorbia huchoma ngozi na ni hatari sana yakiingia machoni. Utomvu wa ZZ huwasha mdomo na koo. Ukiwa na mtoto anayetambaa, acha adenium na euphorbia kitaluni, na ile mingine iweke mahali mkono wake haufiki. Ukikata tawi, vaa glavu na unawe. Hili si jambo la kupuuza kwa sababu ua linapendeza.

Ushauri wa Ulaya haufanyi kazi hapa

Ukisoma mtandaoni utaambiwa uweke mmea upande wa kusini ili upate jua. Huo ni ushauri wa London. Nairobi iko kama nyuzi 1 tu kusini mwa Ikweta. Hapa jua linaegemea kaskazini tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, kisha linaegemea kusini miezi iliyobaki. Roshani inayotazama kaskazini inaweza kuwa na kivuli mwezi Desemba na jua mwezi Juni. Zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zenye hali moja mwaka mzima: mashariki jua la asubuhi lililo pole, magharibi jua la alasiri lililo kali.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, Jumamosi moja simama kibarazani saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi alasiri. Andika wapi kuna jua. Ukipata jua la alasiri, chukua adenium, mshubiri na euphorbia. Ukiwa na paa na ukuta wa jirani mbele yako, chukua sansevieria na ZZ. Hiyo ndiyo kazi yote ya kupanga. Waswahili husema mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima wa kibarazani aliye na shughuli nyingi asipochagua jembe atalima bure.

Vilevile, ushauri wa kupunguza maji majira ya baridi usiufuate kwa kalenda ya kule. Baridi yetu ya Nairobi ni Juni hadi Agosti, wakati mawingu yamefunika na udongo hukauka polepole. Miezi hiyo ndiyo ya kupunguza.

Maji mengi huua mimea hii kuliko kiu

Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji muda mrefu, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea uliozungukwa na maji unakufa kwa kukosa maji. Ndiyo maana watu huona majani yamelegea, wakaongeza maji, wakamalizia kazi. Ukitaka kujua tofauti, gusa jani. Likiwa limekunjamana na jembamba, ni kiu. Likiwa la manjano, laini na lenye majimaji, umeuzamisha.

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Kisipokuwa nalo, toboa au usikinunue. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji haufai peke yake. Changanya udongo mwekundu, mchanga wa mtoni na kokoto ndogo, na samadi iliyooza kidogo tu. Chungu cha udongo wa kufinyanga hukausha haraka kuliko cha plastiki, kwa hiyo kama nyumbani kuna mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwaga maji, chagua cha kufinyanga. Na mkebe wa zamani wa rangi uliooshwa vizuri na kutobolewa unafanya kazi sawa na chungu cha bei kubwa.

Ondoa visahani chini ya vyungu. Maji yanayotuama humo ni nyumba ya mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na kueneza dengi na chikungunya. Mombasa ililipuka dengi mwaka 2013, na mwishoni mwa 2017 ikaja chikungunya. Mmea usiohitaji maji kila siku hauna sababu ya kuwa na kisahani kilichojaa maji kila siku.

Mtungi mmoja badala ya saba

Hapa ndipo hoja yangu inapotoka kwenye urembo na kuingia mfukoni. Mwezi Januari 2017 Nairobi iliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu bwawa la Ndakaini, linalolisha sehemu kubwa ya jiji, lilikuwa limeshuka. Aliyeishi hapa wakati ule anakumbuka foleni za mitungi. Na mitaa mingi haihitaji kungoja mwaka wa ukame, maji ya mfereji hutoka kwa zamu.

Fanya hesabu nyepesi. Vyungu 10 vya mimea yenye kiu, nusu lita kila siku kwa chungu, ni lita 5 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 150, yaani mitungi 7 na nusu ya lita 20. Vyungu 10 vya sansevieria na ZZ, lita moja kila kimoja mara mbili kwa mwezi, ni lita 20. Mtungi mmoja. Tofauti hiyo ni mitungi sita na nusu ya kuogea na kupikia. Katika nyumba inayonunua maji kwa mkokoteni, anayeng'ang'ania maua ya kiu anamnyang'anya mtu mwingine wa nyumba hiyo maji yake.

Siku ya kodi ndiyo siku ya maji

Hata mimea hii inahitaji kunywa, na wewe bado ni yule yule. Basi usitegemee kumbukumbu, tegemea tukio ambalo huwezi kulikosa. Kwa mpangaji, tukio hilo ni kulipa kodi ya nyumba. Mwenye nyumba hatakuruhusu usahau. Ukishatuma pesa ya kodi, chukua maji, nenda kibarazani, nywesha kila chungu hadi maji yatokee tundu la chini, kisha uache. Mimea iliyo kivulini inatosheka hapo hadi mwezi ujao. Iliyo kwenye jua ongeza mara moja katikati ya mwezi, na kama kuna mvua inayoifikia, usiongeze.

Ukitaka kihisi, unacho tayari: mikono miwili. Inua chungu. Kikiwa chepesi, nywesha. Kikiwa kizito, rudi ndani. Kihisi hiki hakiliwi na kutu wala hakihitaji betri.

Na dukani ujiulize swali moja. Muuzaji wa kitalu cha kando ya barabara anaijua mimea yake kuliko lebo yoyote, kwa hiyo mwulize: nikiusahau siku 30, nitaukuta? Akisita, mrudishie mmea wake kwa heshima.

Kuna watakaosema huu ni uvivu, kwamba mmea ni wa kulelewa na anayetaka kijani apate pia adabu ya kila siku. Nawaheshimu. Anayeamka na kopo lake la maji, akizungumza na kangaga zake kabla ya chai, ana starehe ambayo pesa hainunui. Lakini hiyo ni starehe yake na ameichagua. Mtu anayefanya kazi saa 12, aliye na watoto na foleni ya Mombasa Road mbele yake, hahitaji deni lingine la kila siku linalomsubiri mlangoni. Anahitaji kitu kimoja chenye uhai ambacho, akirudi amechoka, bado kimesimama.

Kwa hiyo futa ile kengele kwenye simu. Jumamosi tazama jua linakoanguka, Jumapili nunua mimea miwili tu, mmoja wa jua na mmoja wa kivuli kama kibaraza chako kina vyote. Ikimaliza miezi mitatu bila wewe kuhangaika, ongeza wa tatu. Haya, kazi njema, na salamu kwa mwenye nyumba wako.